Nyumba za uani Marekani: ugomvi uko kwenye masharti

Tarehe 2 Februari 2025 sheria mpya ya makazi ilianza kutumika Massachusetts. Tangu siku hiyo, mwenye nyumba katika eneo lililotengwa kwa nyumba za familia moja anaweza kuongeza makazi madogo ya pili kwenye kiwanja chake bila kupiga magoti mbele ya bodi ya mji. Inaweza kuwa nyumba ya uani, banda la gari lililogeuzwa, au ghorofa ya chini iliyowekewa jiko na mlango wake. Juni 30 mwaka huohuo zamu ikafika kwa miji ya Colorado, na New Hampshire nayo ikaipanua sheria yake ya zamani. Mwaka mmoja kabla, Arizona, Hawaii na Rhode Island zilikuwa zimepitisha za kwao. Mjadala ulioibuka una kambi mbili zenye sauti kubwa. Moja inashangilia kwamba sasa kodi wanazolipa wapangaji zitashuka, nyingine inalalamika kwamba wanasiasa wa makao makuu ya jimbo wamewapora wananchi mitaa yao. Kambi zote mbili zinaamini kitu kimoja: kwamba bunge likishasema ruksa, nyumba zitaota zenyewe.

Hazioti. Ruksa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika sheria hizi. Hakuna jimbo linalojenga hata chumba kimoja kwa kupitisha sheria ya namna hii, wala hakuna mwenye nyumba anayelazimishwa kujenga. Kinachobadilika ni nani ana uwezo wa kukataa, kwa sababu gani, na ndani ya muda gani. Kwa hiyo anayetaka kujua kama sheria ya jimbo fulani itazaa kitu asiishie kwenye kifungu kinachotangaza kwamba nyumba ya pili inaruhusiwa. Asome vile vinavyozungumzia maegesho, umbali kutoka mpaka wa kiwanja, ada, siku za kujibu maombi, na nani analazimika kuishi pale. Humo ndimo sheria inamofia au inamopata uhai, na historia ya California ya zaidi ya miaka 40 inalionyesha jambo hilo waziwazi.

Ili kuelewa kwa nini chumba cha bibi nyuma ya nyumba kinahitaji bunge, lazima turudi karne moja nyuma. Mwaka 1916 mji wa Berkeley, California, ulitenga eneo la nyumba za familia moja tu, ukiwa miongoni mwa miji ya mwanzo nchini kufanya hivyo. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley iliyotoka Louisville, iliizuia miji kugawa mitaa kwa rangi za watu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1926, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ikabariki mamlaka ya mji kugawa ardhi kwa matumizi, na jaji aliyeandika hukumu alifikia hatua ya kuyaita majengo ya vyumba vya kupanga vimelea katika mtaa wa nyumba za familia. Rangi haikuweza tena kuandikwa kwenye ramani, lakini ukubwa wa kiwanja, idadi ya familia na aina ya jengo viliweza, na kwa sehemu kubwa vilifanya kazi ileile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vitongoji vipya vilienea chini ya kanuni hizo. Vyumba vya juu ya mazizi na nyumba za uani zilizokuwa za kawaida mwanzoni mwa karne zikawa kitu ambacho mtu hawezi kukijenga upya kihalali.

Tuchukue kiwanja cha kawaida tuone kanuni hizo zilivyofanya kazi. Nyuma ya nyumba kuna banda la magari mawili la futi 20 kwa 20, kama mita za mraba 37, lenye sakafu ya zege, paa na kuta imara. Mwenye nyumba anataka kuweka choo, jiko dogo, madirisha na mlango ili mama yake mzazi ahamie. Katika miji mingi, kwa kuwa banda hilo lilihesabiwa kuwa maegesho, alitakiwa kwanza kuonyesha maegesho mengine ndani ya kiwanja hichohicho, mara nyingi yenye paa, na juu yake aongeze nafasi kwa ajili ya mkaazi mpya. Nafasi moja ya gari huchukua futi 9 kwa 18 kabla hujahesabu njia ya kuliingizia, hivyo uani pameisha. Kisha lile banda lilijengwa karibu kabisa na mpaka wa jirani, jambo ambalo kanuni iliruhusu kwa gari. Kwa binadamu ilidai umbali mkubwa zaidi, kwa hiyo ukuta ubomolewe. Zikafuata ada za barabara, bustani za umma, shule, maji na majitaka, ambazo katika baadhi ya miji zilifika makumi ya maelfu ya dola kwa sababu zilikokotolewa kana kwamba inajengwa nyumba nzima mpya. Halafu kibali maalumu chenye kikao cha wazi, ambako majirani walialikwa kueleza kama wanamtaka mama yule mtaani kwao. Mwisho, tamko lililosajiliwa pamoja na hati ya kiwanja kwamba mwenye nyumba ataishi pale siku zote, ili akihamishiwa kazi jimbo jingine, zile nyumba mbili zisiweze kupangishwa kihalali kwa pamoja. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililosema ni marufuku. Yakijumlishwa, ilikuwa marufuku.

California iliingilia kati mapema, mwaka 1982, kwa sheria iliyoitambua nyumba ya pili lakini ikaiachia miji kupanga masharti. Miji ikapanga. Mwaka 2002 bunge likarudi na sheria iliyotaka maombi yaamuliwe na ofisa kwa kufuata vipimo vilivyoandikwa, bila kikao wala kura ya mtu, na miji ikakaza upande mwingine. Pasadena, kwa mfano, ilidai kiwanja kisichopungua futi za mraba 15,000, kipimo ambacho viwanja vingi vya mji huo havifikii. Kwa zaidi ya miaka 30 mwananchi wa California alikuwa kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa kitasa huku mlango umefungwa kwa makomeo matatu upande wa ndani.

Makomeo yalianza kutolewa mwaka 2016, sheria mbili zilipopunguza masharti ya maegesho na ada, na kazi ikaendelea kwa sheria za 2019 zilizoanza kutumika Januari 1, 2020. Mji ukapewa siku 60 za kujibu ombi lililokamilika, na ukinyamaza ombi linahesabiwa limekubaliwa. Banda la gari likigeuzwa makazi, hakuna kudai maegesho mbadala. Umbali kutoka mpaka wa pembeni na wa nyuma usidaiwe kuzidi futi 4. Nyumba isiyofika futi za mraba 750, takriban mita za mraba 70, isitozwe zile ada za miundombinu. Kanuni ya mji kuhusu ukubwa wa kiwanja isiweze kuzuia nyumba ya futi za mraba 800. Sharti la mwenye nyumba kuishi palepale lilisimamishwa, na mwaka 2023 bunge likalifuta kabisa. Jimbo zima lilitoa vibali kama 1,300 mwaka 2016. Mwaka 2022 vilizidi 20,000. Ardhi ilikuwa ileile, watu walewale, na bei ya mbao na mafundi ilikuwa imepanda, haikushuka. Sioni maelezo mengine ya tofauti hiyo zaidi ya masharti yaliyoondolewa.

Linganisha na Connecticut. Mwaka 2021 bunge lake lilipitisha sheria yenye maneno mazuri kuhusu nyumba za ziada, lakini ikaiachia kila halmashauri mlango wa kujitoa kwa kura ya theluthi mbili kabla ya Januari 1, 2023. Miji mingi ikapita mlango huo bila kusita. Magazeti yaliihesabu Connecticut katika orodha ya majimbo yaliyofanya mageuzi, ilhali kwa mkaazi wa mji uliojitoa hakuna kilichobadilika. Na hata pale sheria isipokuwa na mlango wa kutokea, bila msimamizi haifiki mbali. Mapema mwaka 2023 baraza la mji wa Huntington Beach, kusini mwa California, liliagiza maofisa wake waache kupokea maombi ya nyumba hizi. Haikusaidia kitu kwamba sheria ya jimbo ilikuwa wazi. Kilichosaidia ni mwanasheria mkuu wa jimbo kwenda mahakamani mwezi Machi mwaka huohuo. Massachusetts ina faida moja hapa: kanuni ndogo za miji yake midogo hupitia kwanza ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo kabla ya kuanza kutumika, na zinazogongana na sheria ya jimbo zinaweza kukataliwa mezani, kabla mwananchi hajalipa wakili. Boston haimo katika sheria hiyo, kwa kuwa ina sheria yake tofauti ya mipango miji.

Sasa tuje kwa wanaopinga, maana hoja zao hazina uzito sawa. Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya mamlaka ya wenyeji. Inasema wanaoishi mahali ndio wanaopajua, na si haki mbunge wa mji mwingine awapangie mtaa. Msomaji wa Kenya anaweza kuisikia hoja hii kama ugomvi wa Nairobi na kaunti, lakini mfano huo unapotosha. Kaunti ya Kenya inalindwa na Katiba ya 2010, na mipango ya maendeleo na makazi yamo katika majukumu yake kwenye Jedwali la Nne. Mji wa Marekani hauna kinga ya namna hiyo mbele ya jimbo lake. Tangu jaji John Dillon wa Iowa alipoweka kanuni yake mwaka 1868, na Mahakama ya Juu ikaja kusisitiza katika kesi ya Hunter dhidi ya Pittsburgh mwaka 1907, inajulikana kwamba mji ni kiumbe cha jimbo, na uwezo wa kupanga ardhi ni mkopo kutoka jimboni. Baadhi ya majimbo yameipa miji yake uhuru mpana zaidi katika katiba zao, ndiyo maana kesi haziishi. Montana ilipopitisha sheria yake mwaka 2023, wenye nyumba waliiendea mahakamani, jaji akaizuia mwishoni mwa mwaka huo, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikauondoa mzuio huo mwaka 2024.

Lakini kushinda mahakamani hakumtoshi mtu anayetaka haki. Lazima tuulize kama ni sahihi. Jibu langu ni ndiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, anayeitwa "mwenyeji" katika vikao hivyo si kila anayeishi mjini. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Boston walichambua kumbukumbu za vikao vya bodi za mipango Massachusetts wakakuta wanaozungumza ni wazee zaidi, wakaazi wa muda mrefu, na wenye kumiliki nyumba kuliko jamii kwa ujumla, na wengi mno walisimama kupinga. Muuguzi wa zamu ya usiku hayupo kwenye kikao cha saa moja jioni. Familia ambayo ingehamia katika nyumba ile isiyojengwa haiwezi kuwapo kabisa, kwa kuwa bado inaishi mji mwingine. Pili, madhara ya kukataa hayabaki katika mji uliokataa. Mji mmoja ukifunga mlango, hauumii sana. Wafanyakazi wake wataishi mji wa jirani, kodi itapanda huko, foleni ya magari itakuwa ya wote. Kila mji ukikata shauri kwa hesabu yake yenyewe, eneo zima linakosa nyumba, na hakuna hata mmoja aliyekusudia. Mamlaka ya kwanza inayoweza kuiona hesabu nzima ni jimbo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita sheria hizi mradi wa mrengo mmoja. Massachusetts ya gavana Maura Healey ni ngome ya Democratic. Montana ya gavana Greg Gianforte ni ya Republican, na huko hoja iliyoshinda ilihusu haki ya mtu juu ya mali yake mwenyewe. Texas, ambayo hujivunia haki hiyo kuliko wote, imeshindwa mara mbili. Miswada ya 2023 na 2025 ilipita Seneti ikafia Baraza la Wawakilishi. Chama hakikutabiri chochote hapo.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya maji na majitaka. Mitaa mingi ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts, haina bomba la majitaka, kila nyumba ina karo lake (shimo la majitaka), na udongo wa Cape Cod, rasi ya Massachusetts, ambao ni mchanga, hupitisha uchafu upesi hadi kwenye maji ya ardhini na madimbwi. Kuongeza choo cha pili hapo si jambo la kupuuzwa. Ila tuangalie sheria inasema nini. Massachusetts haikuligusa sharti la majitaka. Kanuni ya jimbo ya makaro inabaki na nguvu zake zote, na mwenye nyumba ambaye karo lake halitoshi lazima alipanue au aachane na mradi. Mji unaruhusiwa kuweka kanuni "za kiasi", ikiwemo kuzuia upangishaji wa siku chache kwa watalii. Kilichokatazwa ni kutumia karo kama kisingizio pale ambapo karo linatosha. Nakiri neno "kiasi" litazaa kesi, na miji yenye mawakili hodari italivuta hadi lipasuke. Afadhali vita hiyo, ambayo mji lazima utoe ushahidi wa udongo na vipimo, kuliko ile ya zamani ambayo ulitosha mkono ulioinuliwa kwenye kikao.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ruksa hii itageuza mitaa tulivu kuwa vibanda na msongamano. Kwa idadi, haisimami. California, inayoongoza nchi nzima, ina makazi zaidi ya milioni 14. Vibali elfu 20 na ushee kwa mwaka ni chini ya viwili kwa kila makazi 1,000. Lakini kosa lake kubwa si la hesabu. Hoja hii inadhani kwamba usipotoa kibali, watu hawataishi mle. New York ni jibu lake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 gavana Kathy Hochul alipendekeza sheria ya jimbo zima ya nyumba za ziada, na ndani ya majuma machache akaiondoa baada ya vitongoji vya Long Island kuja juu. Miezi michache tu kabla ya hapo, Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalimwaga mvua katika Jiji la New York, na watu 11 wakafa maji ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, wengi wao Queens, sehemu mojawapo ya jiji hilo. Vingi vya vyumba hivyo havikuwa na kibali. Havikuwa na kibali kwa sababu kanuni zilifanya kibali kisipatikane, na bila kibali hakuna mkaguzi aliyekuja kuuliza mlango wa pili wa kutokea uko wapi. Katazo halikuwazuia watu kuishi mle. Liliwanyima ukaguzi. Baraza la Jiji la New York limefungua njia Desemba 2024 kwa wenye nyumba wa jiji hilo, ila jimbo bado halina sheria yake.

Upande wa washangiliaji nao unahitaji kukosolewa, na hapa kosa lao ni la matarajio. Nyumba ya uani haijengwi kwa bei ya chini kama jina lake linavyodokeza. Uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta gharama ya kati ya ujenzi ni dola 150,000, na bei za vifaa zimepanda tangu wakati huo. Nani ana fedha hizo? Kwa kawaida ni mwenye akiba, au aliyenunua nyumba zamani na thamani yake ikapanda kiasi cha kuweza kukopa juu yake. Vibali vimekuwa vingi katika mitaa yenye wamiliki wa kipato cha wastani na cha juu, si kule kwenye wapangaji wengi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kama nusu ya nyumba hizi, asilimia 51, zilipangishwa kwa kodi, asilimia 16 ziliishiwa na ndugu bila kulipa, na asilimia 8 tu ndizo zilizotumika kwa wageni wa siku chache. Takwimu hiyo ya mwisho inapunguza hofu ya Airbnb, na ya katikati inanigusa zaidi. Nyumba moja katika kila sita imempokea mzazi, mtoto au shangazi bila kodi. Soko halihesabu hilo kama nyumba nafuu, lakini kwa anayeishi mle hakuna iliyo nafuu kuliko hiyo.

Hata hivyo kwa familia maskini kabisa sheria hizi hazitoshi, na anayeahidi vinginevyo anawaandalia watu masikitiko. Serikali ya Healey ilikadiria nyumba 8,000 hadi 10,000 ndani ya miaka mitano. Kwa jimbo la watu milioni 7 hilo ni tone, ingawa ni tone ambalo halikuhitaji serikali kununua hata futi moja ya ardhi. Ni makosa pia kuitumia sheria hii kama kisingizio cha kutojenga nyumba za umma au kuzuia maghorofa karibu na vituo vya treni. Zipo halmashauri zinazoikumbatia nyumba ya uani kwa furaha kwa sababu hiyohiyo: ni mageuzi yasiyoonekana kutoka barabarani.

Kutokana na haya yote, mapambano yanayofuata hayatakuwa ya ardhi tena, yatakuwa ya mikopo. Benki huitazama nyumba ya uani kwa mashaka. Mthamini hana mauzo ya kutosha ya kulinganisha, na kodi ambayo bado haijaanza kuingia haikuwa ikihesabiwa kama kipato cha mkopaji. Oktoba 2023 shirika la serikali kuu linalodhamini mikopo ya nyumba, FHA, lilibadilisha utaratibu likaruhusu sehemu ya kodi tarajiwa ihesabiwe. Haikuzungumzwa sana kwenye habari, lakini kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida inaweza kuwa na maana kuliko kifungu kizima cha sheria ya jimbo. California ilijaribu ruzuku ya hadi dola 40,000 kwa wenye kipato cha chini na cha kati, kwa ajili ya michoro, vibali na maandalizi, na fungu likaisha haraka. Njia nyingine ni kuiuza nyumba ya uani peke yake. Sheria ya Washington ya 2023 inazuia miji kukataza mauzo hayo na inaruhusu nyumba mbili za ziada kwa kiwanja, na California mwaka huohuo iliiachia miji ichague, San Jose ikawa ya kwanza kukubali mwaka 2024. Kuiuza kunapata fedha za kujengea na kunampa mnunuzi wa kwanza nyumba yenye bei anayoweza kuifikia. Kunaivunja pia ile picha ya bibi na wajukuu kwenye kiwanja kimoja, na naelewa wanaoihuzunikia, ila sioni sababu ya kuwazuia wengine kwa ajili ya picha.

Kwa Waafrika Mashariki walioko huko jambo hili si la kutazama kwa mbali. Lowell, Massachusetts, ina jamii kubwa ya Wakenya. Portland, Maine, mwaka 2019 ililazimika kugeuza ukumbi wake wa michezo kuwa malazi ya mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na miaka mitatu baadaye Maine ikapitisha sheria inayoruhusu nyumba ya ziada kwenye kila kiwanja chenye nyumba ya familia moja. Nimewasikia wenye nyumba wa huko wakiuliza swali lilelile: mama anakuja kulea mjukuu, atalala wapi? Awali jibu lilikuwa sebuleni, au ghorofa ya chini isiyo na kibali, na jirani akipiga simu mjini ndipo mambo yanaharibika. Sasa mwenye kiwanja ana haki anayoweza kuidai kwa barua, na anapaswa kujua mipaka yake kabla ya kumlipa fundi. Kwa Massachusetts ni futi za mraba 900, kama mita za mraba 84, au nusu ya nyumba kubwa, kipi ni kidogo. Maegesho ya ziada hayadaiwi ndani ya nusu maili ya kituo cha treni au cha basi, na kwingineko haidaiwi zaidi ya nafasi moja. Hakuna anayeweza kumlazimisha aishi pale. Mpangaji naye ana la kufuatilia, kwa sababu chumba chenye kibali kina mkataba, anwani na mkaguzi, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomwezesha kumwandikisha mtoto shule na kumshtaki mwenye nyumba joto likikatika Januari. Kilichobaki ni muuguzi wa Lowell aliyenunua nyumba juzi kwa mkopo wa miaka 30, ambaye sheria imempa ruksa na benki haijampa kitu. Majimbo yasipomwekea mfuko wa mkopo wenye riba anayoiweza, hesabu ya 10,000 itajazwa na waliokwisha kumaliza madeni yao.